Ukame, Mavuno na Bima ya Shamba



Mkulima wa mahindi ajua ya kuwa mvua si wingi tu, bali ni wakati wake pia. Hindi likikosa maji lingali changa, laweza kusinyaa, kisha likainuka mvua irudipo. Lakini ukame ukilikuta katika siku za kuchanua, hasara yake haitengenezeki. Ndevu huchelewa kutoka, chavua ya mbelewele humwagika bure, na gunzi hubaki na mapengo. Mvua ya baadaye hurudisha majani ukijani, wala hairudishi punje. Mtama na uwele huvumilia zaidi. Ndiyo sababu wazee wa Dodoma na Singida hawakuziacha mbegu hizo.

Madhara ya ukame hayaishii shambani. Ghala likiwa tupu, mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, mbegu za mwaka ujao huliwa, karo hukosekana, na deni la mbolea halisamehewi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mtu aliyeuza vyote katika msimu wa kwanza, alikuwa na nini cha kuuza katika wa tano?

Hapo ndipo bima ya mazao ina kazi yake. Wengi hutoa kidogo kidogo, ili watakaopatwa na hasara walipwe. Kukagua kila shamba dogo ni gharama kubwa. Kwa hiyo bima nyingi za wakulima wadogo hufuata kipimo cha eneo zima, ama mvua iliyopimwa, ama wastani wa mavuno ya eneo. Nchini Kenya mpango wa Kilimo Salama ulianza kwa kipimo cha mvua mwaka 2009, na mwaka 2016 serikali ilianzisha bima ya kipimo cha mavuno, ikianzia Bungoma, Embu na Nakuru. Nchini Tanzania makampuni ya bima yaliunda umoja wao wa bima ya kilimo mwaka 2023.

Lakini kipimo hicho kina kasoro yake. Mvua yaweza kunyesha penye chombo cha kupimia na kuliruka shamba lako. Nawe utakosa malipo, hali umekosa mavuno. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, yafaa kuuliza: Bima hii yapima nini? Kipimo kinachukuliwa wapi? Malipo huanza hasara ikifika kiasi gani? Yatalipwa lini? Tena, ni afadhali kuuliza pamoja katika chama cha ushirika, kwa maana mtu mmoja hudanganyika upesi kuliko kumi.

Wako Wakristo wasemao kwamba kukata bima ni kutomtumaini Mungu. Sivyo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, chasimulia jinsi Yosefu alivyomshauri Farao kuweka akiba sehemu moja katika tano ya mavuno ya miaka saba ya shibe. Shauri lile lilikuwa tunda la imani yake, kwa kuwa ni Mungu aliyemfunulia njaa itakayokuja. Naye Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba wakulima wahitaji bima za namna mbili: moja kwa ajili ya mazao, na nyingine kwa ajili ya wakulima wenyewe na jamaa zao. Alilitaja jambo hilo kuwa ni sehemu ya haki ipasayo watu wa mashamba.

Basi, bima haileti mvua, wala haichukui mahali pa kihenge, pa mbegu zivumiliazo ukame, wala pa sala. Kanisa linazo sala za kuomba mvua, nasi tuzisali kwa moyo. Lakini baba na mama wa nyumba wana wajibu pia wa kuwaza kabla ya kupanda: mvua ikikatika mahindi yakichanua, watoto wetu watakula nini, na mwakani tutapanda nini? Jibu la swali hilo litafutwe sasa, ghala lingali na kitu.