USALAMA BARABARANI: MAANA YA KUSHIKA KUSHOTO

Watumishi wa Serikali na wakazi wote wa Igogo wanakumbushwa kuwa nchini Tanzania vyombo vyote huendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Sharti hilo limo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, nalo humhusu mwendesha bodaboda, bajaji na baiskeli sawasawa na dereva wa lori.

Asili ya neno. Mzunguko wa barabara huitwa kipilefti kutokana na maneno ya Kiingereza yaamuruyo kushika kushoto. Hivyo hata kipilefti chenye sanamu ya samaki katikati ya Jiji la Mwanza ni amri kwanza, pambo baadaye. Aingiaye humpisha atokaye kulia kwake, kisha huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Sababu ya sharti. Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Vyombo viwili vinavyokabiliana kwa mwendo huo hukaribiana kwa takriban mita 28 kila sekunde; nafasi ya mita 100 baina yao huisha kabla ya sekunde 4. Muda huo hautoshi kwa madereva wawili kukisia nani atampisha nani. Kila mmoja akishika kushoto, hapana la kukisia.

Hadhari kwa magari ya nje. Rwanda na Burundi hushika kulia, na baadhi ya magari yao huwa na usukani kushoto. Lori lililovuka mpaka wa Rusumo laweza kufika Mwanza kupitia Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Dereva wake, akiwa ameketi upande wa ukingo wa barabara, haoni vema mbele ya gari analolifuata mpaka awe amechomoza katikati ya njia. Mwendesha pikipiki anayekuja upande usio wake katika Barabara ya Kenyatta ili kukwepa foleni hujiweka mahali ambapo dereva huyo hamtazamii.

Waendao kwa miguu. Pasipo na njia ya miguu, inafaa kutembea upande wa kulia ili kutazamana na magari yajayo. Kabla ya kuvuka, mtu atazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Wazazi wawafundishe watoto utaratibu huu kabla hawajaanza kwenda shule peke yao.

Utekelezaji. Ishara ya askari wa usalama barabarani hutiiwa hata pale inapotofautiana na taa. Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Nafuu hiyo isichukuliwe kuwa ndiyo bei ya kosa: faini hulipika, uhai haulipiki.