Dawa ya Nafsi na Amana ya Mwenye Kusikiliza

Ijulikane ya kuwa binadamu ana mwili na nafsi, na killa kimoja katika viwili hivi kina uzima wake na maradhi yake. Mtu akishikwa na homa hulala, akaitiwa tabibu, wala hapana amchekaye. Walakini akishikwa na huzuni isiyokwisha, au khofu isiyo na sababu, au wasiwasi usiomwacha usiku kucha, huona haya kutaja. Huvaa kanzu yake, akenda sokoni na msikitini kama wenziwe, na ndani anateketea.

Wako wasemao ya kuwa huzuni ya namna hiyo ni uchache wa imani. Hao na wamkumbuke Nabii Yaakub (a.s.), aliyemlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Shakwa yake aliipeleka kwa Mola wake, na killa Muislamu imempasa kufanya hivyo. Lakini mwenye homa pia huomba dua, na akisha kuomba hunywa dawa. Hili halilitangui lile.

Wanavyuoni wa kale walilijua jambo hili. Abu Zaid Ahmad bin Sahl al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, yapata mwaka 235 wa Hijra (850 Miladi), akafa mwaka 322 (934), alitunga kitabu akakiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani Maslaha ya Miili na Nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili, na ya pili, yenye milango minane, ni ya nafsi. Nakala yake ya mkono ilihifadhiwa Istanbul. Mwaka 1984 ikatolewa kwa picha huko Frankfurt. Na mwaka 2013 Malik Badri wa Sudan, mwanachuoni wa elimu ya nafsi, akaitoa sehemu ya pili kwa Kiingereza.

Al-Balkhi ameyataja maradhi ya nafsi kuwa ni manne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Na huzuni ameigawanya mafungu mawili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa na mpenzi au kupotewa na mali. Na iko ambayo mwenyewe haijui sababu yake. Ni uzito tu umzuiao kufurahi. Hii ya pili aliiona asili yake i mwilini, katika damu, akaagiza mwili utibiwe pamoja na nafsi. Matabibu wa leo hawaisemi damu kama alivyoisema yeye, lakini nao hutazama hali ya mwili kabla ya kuihukumu nafsi.

Tena akasema ya kuwa dawa ya nafsi ni mbili: ya ndani na ya nje. Ya ndani ni fikira njema ambazo mtu hujiwekea akiba wakati wa salama, kama awekaye dawa nyumbani kabla hajaugua. Ya nje ni maneno ya mtu mwingine. Na haja ya mtu mwingine ni kwa sababu fikira za mtu huchanganyika na matamanio yake, na yakimshika maradhi akili yake hushughulika nayo, isipate nafasi ya kumwongoza. Aliyezama hawezi kujishika mkono akajitoa majini.

Mfano wake ni nahodha ambaye chombo chake kilipinduka katika kusi, akafa mtoto wa nduguye aliyekuwa baharia wake. Tangu siku hiyo halali. Siku moja akaanza kuyasema barazani, na kabla hajamaliza akaambiwa, "Subiri, bwana, hiyo ni kadari." Asubuhi yake khabari zake zimefika sokoni. Basi akafunga kinywa. Wala neno la subira si baya, ila lilikuja kabla ya wakati wake, kama dawa itolewayo kabla ya kuulizwa maradhi. Na lililomuumiza zaidi ni kuwa siri yake imekwenda. Kinywa kikifungwa namna hiyo, mtu aweza kufika hata akaichukia roho yake.

Kwa hivyo yule ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wenye maradhi ya nafsi, imempasa kuyashika mambo matano.

La kwanza, asikilize mpaka mwisho, wala asimdharau msemaji kwa alilolisema. Carl Rogers wa Marekani aliandika mwaka 1957 ya kuwa mgonjwa habadiliki illa aone ya kuwa yule aliye mbele yake amfahamu, amkubali bila ya sharti, wala hajifanyi mwingine.

La pili, ahifadhi siri. Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa mwenye kutakwa shauri amewekewa amana. Lakini ikikhofiwa ya kuwa mtu atajiua au ataua mwingine, kuokoa roho hutangulia. Na mpaka huu aelezwe mgonjwa tangu siku ya kwanza, asije akaona amekhiniwa.

La tatu, wapatane. Edward Bordin, naye wa Marekani, alieleza mwaka 1979 ya kuwa mapatano haya yana nguzo tatu: kukubaliana juu ya linalotakwa, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa, na kuaminiana baina yao.

La nne, achunge mpaka. Asitake kwa mgonjwa mali zaidi ya ujira wake, wala asimwingize katika matamanio yake. Wala asimfanye mtumwa wa shauri lake, kwani tabibu mwema ni yule ambaye mgonjwa wake humwacha akenda kwa miguu yake mwenyewe.

La tano, ajue mwisho wa elimu yake. Akiona maradhi yamempita, ampeleke kwa ajuaye zaidi, wala asione haya.

Na mgonjwa naye ana wajibu wake, nao ni kusema kweli. Afichaye donda kwa tabibu asimlaumu kwa kutopona. Tena na avumilie, kwani lililoingia moyoni kwa miaka halitoki kwa siku moja.

Lau yule nahodha angalipata mtu wa sifa hizi, asingalirejeshewa maiti wake wala chombo chake. Lakini angalipata mahali pa kusema, "Mimi ndiye niliyeshika usukani," na asikimbiwe, wala neno lake lisitoke mlangoni. Kupona kwake kungalianzia hapo.

Basi killa aketiye barazani na azingatie. Huenda mwenziwe aliye ubavuni pake ana neno ambalo hajapata wa kumwambia, naye anangoja kuona ni nani awezaye kunyamaza. Na aliye na neno hilo na ajue ya kuwa kutafuta dawa si aibu.

Wallahu a'lam.