Kingamwili ya ATP5A: ya Kufanya na ya Kutofanya

ATP5A ni kipande alfa cha ATP sinthase, mtambo wa kutengeneza ATP uliopachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Kingamwili ya kuitambua ni ghali, na kichupa chake ni kidogo. Anayeshika pipeti hapa afuate haya.

SOMA kikaratasi chake kabla ya kufungua kichupa: imetoka kwa mnyama gani, imejaribiwa kwa viumbe vipi, kwa kipimo kipi. Inayofanya kazi kwenye bloti yaweza kushindwa kabisa kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini. Andika namba ya toleo.

IGAWE kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo. USIIGANDISHE na kuiyeyusha kila unapoihitaji, na USIIWEKE kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe.

USITIE azidi ya sodiamu kwenye kingamwili ya pili yenye peroksidase. Utaizima, kisha ulaumu filamu. USIIMWAGE azidi hiyo kwenye sinki pia. Ikikutana na mabomba ya risasi au shaba hutengeneza chumvi zinazolipuka.

USICHEMSHE sampuli kwa mazoea. ATP5A yenyewe huvumilia, lakini ukitumia mchanganyiko wa kingamwili tano za OXPHOS, MTCO1, ambayo ni ya kompleksi ya nne, hugandamana ikichemshwa na bendi yake hupotea. Utaripoti upungufu wa kompleksi ya nne ulioutengeneza mwenyewe kwenye jiko. Usivuke nyuzi 50.

USITUMIE tubulini kuwa protini ya kulinganishia. ATP5A hukaa karibu na kilodaltoni 55, tubulini nayo ipo hapohapo, na bendi mbili zilizopandana hazisomeki. Chagua kwa kufuata swali lako. Ukilinganisha na aktini (42), unauliza kuhusu seli nzima. Ukilinganisha na VDAC (kama 32), unauliza kuhusu mitokondria zilizomo. Msuli uliopoteza nusu ya mitokondria zake utaonyesha ATP5A imeshuka kwa kipimo cha kwanza, lakini haijashuka kwa cha pili. Majibu yote mawili ni ya kweli. Asiyejua anauliza lipi bado hajafikia kuendesha jeli.

Kwa tishu za panya, kingamwili ya panya ni mtego: kingamwili ya pili hunasa pia IgG za panya mwenyewe, na mnyororo wake mzito uko karibu na 50. TUMIA ya sungura.

USIFUTE bendi hafifu iliyo juu kidogo, karibu na 60. Huenda ni protini ambayo haijakatwa kipande chake cha kuelekezea mitokondria, na hiyo ni habari.

USITUMIE seli zisizo na DNA ya mitokondria kama sampuli hasi. Jeni ya ATP5A, ambayo sasa huitwa ATP5F1A, iko kwenye kiini, hivyo protini itaendelea kuonekana. Punguza jeni hiyo kwa siRNA, uone kama bendi inafifia.

USIANDIKE “nishati imepungua” kwa sababu bendi imefifia. Bloti huhesabu protini, haipimi kazi yake. Pima oksijeni inayotumiwa na seli, kabla na baada ya kutia oligomisini, inayoziba mtambo huo. Bila vipimo hivyo, neno nishati lisionekane kwenye ripoti yako.