Nilituma, Haikufika: Baruapepe na Mijadala Nje ya Mtandao katika Mizani ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ya kusoma na kuandika baruapepe, pamoja na ujumbe wa makundi ya mijadala ya Usenet, pasipo muunganisho wa mtandao. Hoja yetu kuu ni kwamba kitendo tunachokiita kwa wepesi 'kutuma' kina hatua nne, na kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuzibainisha zote. Mwandishi asipozibainisha huweza kudai kuwa ametuma ujumbe ambao bado umo mikononi mwake.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anapokwenda nyanjani kukusanya data, tuseme katika kisiwa cha Pate au mashambani Kitui, huenda akakaa siku kadhaa bila mtandao wa kutegemewa. Hata akirejea chuoni, gharama ya data humlazimu kuhesabu kila dakika. Wakati huohuo msimamizi wake anaingoja sura ya tasnifu, na tarehe ya mwisho haimngoji yeyote. Hapo ndipo huzuka mazungumzo ambayo wengi wetu tumeyasikia katika ofisi za idara. 'Mwalimu, nilituma,' asema mwanafunzi. 'Haikufika,' ajibu mhadhiri. Kila mmoja humshuku mwenzake, ilhali huenda wote wawili wanasema kweli kwa kadiri wanavyolielewa neno lile 'kutuma'. Makala haya yanadhamiria kulifafanua jambo hilo kihistoria, kiutendaji na kiisimu.

2.0 Asili ya Utaratibu

Ni kosa kudhani kwamba kuandika nje ya mtandao ni njia ya dharura iliyobuniwa kwa ajili ya maskini wa data. Mifumo kadhaa ya awali ya mawasiliano ya tarakilishi ilizaliwa katika hali hiyo. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ikaanza kutumika mwaka 1980. Tarakilishi zilipigiana simu, aghalabu usiku ambapo gharama ilikuwa nafuu, zikapokezana ujumbe kisha zikakata. Mfumo wa FidoNet, ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ulifuata mkondo uo huo.

Kenya nayo ilipitia njia hiyo. Kabla ya huduma kamili ya intaneti kuanza kupatikana nchini mwaka 1995, shirika la Environment Liaison Centre International jijini Nairobi lilikuwa na kituo cha FidoNet. Barua za watumiaji zilikusanywa, zikafungwa pamoja, kisha zikapelekwa ng'ambo kwa simu moja. Mtu aliandika leo akijua kwamba maneno yake yatasafiri baadaye. Utaratibu huu tunaweza kuueleza kwa maneno matatu: pokea, hifadhi, peleka.

3.0 Hatua Nne za Ujumbe

Kwa mintarafu ya maelezo hayo, ujumbe ulioandikwa nje ya mtandao hupitia hatua zifuatazo:

(a) Kuandikwa. Ujumbe ni rasimu, na waweza kubadilishwa wakati wowote.

(b) Kungoja. Mwandishi amebonyeza kitufe cha kutuma, lakini ujumbe umo kwenye foleni ndani ya kifaa chake.

(c) Kutumwa. Muunganisho umepatikana, na ujumbe umetoka kwenye kifaa hadi kwenye seva inayomhudumia mwandishi.

(d) Kufika. Seva ya mpokeaji imeupokea na kuuweka katika kikasha chake.

Kusomwa ni jambo la tano, nalo liko nje ya uwezo wa mwandishi. Watumiaji wa WhatsApp wanazifahamu hatua hizi kwa macho: alama ya saa huonyesha kungoja, tiki moja huonyesha kutumwa, na tiki mbili huonyesha kufika. Katika baruapepe alama hizo kwa kawaida hazipo. Aghalabu mgogoro wa 'nilituma' na 'haikufika' hutokana na hatua ya (b) kuchukuliwa kuwa ni (c), au (c) kuchukuliwa kuwa ni (d). Anayesema 'imo foleni' ametoa taarifa sahihi. Anayesema 'imefika' kabla ya kuthibitisha amekisia tu.

Istilahi 'nje ya mtandao' nayo yahitaji kuangaliwa. Kwa wengi, aliye nje ya mtandao ni yule ambaye akipigiwa simu 'hapatikani'. Katika muktadha wetu maana ni tofauti: mtu hapatikani, lakini anasoma, anajibu na kuhariri. Tunapofundisha istilahi hii yafaa tusisitize kazi inayoendelea, badala ya kusisitiza kutokuwepo.

4.0 Utekelezaji

Programu ya Thunderbird humwezesha mtumiaji kuchagua folda za barua na makundi ya mijadala anayotaka kuyahifadhi, kuyapakua akiwa na muunganisho, kisha kuamuru programu ifanye kazi nje ya mtandao. Majibu anayoyaandika huwekwa katika folda ya zinazongoja, nayo hutumwa muunganisho unaporejea. Gmail nayo ina huduma kama hiyo katika kivinjari cha Chrome. Sharti iwashwe mapema, mtumiaji akiwa bado mtandaoni, na achague kuhifadhi barua za siku 7, 30 au 90.

Mtumiaji azingatie tahadhari tatu. Kwanza, ajue itifaki anayoitumia. POP3 huchukua barua kutoka kwenye seva na huweza kuzifuta huko baada ya kuzipakua, isipokuwa ikielekezwa kuziacha. IMAP huziacha kwenye seva na kuoanisha mabadiliko. Anayetumia POP3 kwenye kipakatalishi kimoja tu, kisha kikaibwa, huenda akapoteza barua zake zote. Pili, ahakikishe kwamba viambatisho vimepakuliwa pia, kwani kichwa cha barua pekee hakimfai aliyekwenda nyanjani kusoma maoni ya msimamizi. Tatu, asiwashe huduma hii kwenye tarakilishi ya umma, kwa kuwa nakala za barua hubaki humo.

Kuhusu Usenet, ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Duke kilifunga seva yake mwaka 2010, na Google Groups ikaacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet mnamo Februari 2024. Hata hivyo, zipo seva nyingine zinazoendelea kuhudumu.

5.0 Wakati na Muktadha katika Lugha

Pengo kati ya kuandika na kusoma lina athari za kiisimu. Tuchukue sentensi hii: 'Nitakupigia leo saa tatu.' Ikiandikwa Jumatatu usiku na kusomwa Jumatano asubuhi, neno 'leo' limekwishapotosha, na 'saa tatu' haisemi kama ni ya asubuhi au ya usiku. Viashiria kama 'leo', 'kesho' na 'sasa hivi' hutegemea mwandishi na msomaji kushiriki wakati mmoja. Nje ya mtandao hawaushiriki. Kwa hiyo tarehe na saa ziandikwe bayana.

Muktadha nao hupotea. Katika Usenet ya awali jibu liliweza kufika kwenye tarakilishi fulani kabla ya swali lenyewe. Ndiyo maana kila ujumbe hupewa kitambulisho cha pekee, na jibu hutaja vitambulisho vya ujumbe uliotangulia. Waandishi nao walizoea kunukuu sehemu wanayoijibu.

Jambo hili si geni katika jadi yetu. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa, India. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, miji yao ikiwa katika uhasama. Katika karne ya 20 magazeti yaliendeleza malumbano hayo; Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji. Mshairi aliyelumbana hivyo hakuweza kumkatiza mwenzake kauli. Ilimbidi aupokee utungo, autafakari, kisha ajibu kwa namna ambayo hata msomaji aliyelikosa shairi la kwanza angetambua nani anajibiwa na kwa lipi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuandika nje ya mtandao ni stadi yenye historia, taratibu na adabu zake. Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, mwanafunzi aliyerejea kwenye mtandao akague folda ya zinazongoja kabla ya kudai kwamba ametuma. Pili, msimamizi anayepokea kazi ajibu, japo kwa neno moja, 'imefika'. Tatu, masomo ya uandishi wa barua katika vyuo vyetu yajumuishe hatua nne tulizozieleza. Lugha yenye uwezo wa kutofautisha kuandikwa, kungoja, kutumwa na kufika haina haja ya kuziita hatua zote kwa jina moja.