SOMO: Lori la Chama na Mteremko

Vyama vingi vya msingi viko milimani, kwa kuwa huko ndiko kahawa na chai zistawiko. Lori la mwenye duka hupanda na shehena ya chumvi na sabuni, kisha hushuka jepesi. Lori la ushirika hupanda jepesi na kushuka zito. Tofauti hiyo aghalabu haifikiriwi gari linaponunuliwa, wala dereva anapoajiriwa, na ndiyo maana somo hili linahusu mteremko kuliko mambo mengine.

Yafaa kwanza ieleweke breki hufanya kazi gani. Breki hazimezi mwendo wa gari ukatoweka, bali huugeuza kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake, likishuka kimo cha mita 500, hutoa nguvu ambayo ikigeuzwa yote kuwa joto ingeweza kuchemsha maji ya madebe saba ya lita 20. Joto hilo, lisipopunguzwa na injini, huishia karibu lote katika madramu ya breki. Dramu ikishika moto hutanuka, na lainingi hupoteza uwezo wake wa kushika. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, joto huzidi, na gari huendelea kuteremka. Harufu ya kuungua ni onyo la kusimama mara moja, mahali pa tambarare, na kungoja hadi magurudumu yapoe. Maji yasimwagwe juu ya dramu yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Malori madogo na pikapu hutumia mafuta ya breki, nayo yana kasoro moja isiyoonekana kwa macho: hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakishanyonya unyevu, kipimo hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba, na mvuke hushindilika kama upepo katika mpira. Pedali huzama hadi chini na gari halishikwi. Breki zilizokuwa njema asubuhi katika uwanja wa chama zaweza kupotea namna hiyo katikati ya mlima. Kwa hiyo mafuta hayo yamwagwe na kutiwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kopo bado limejaa. Kuongeza kidogo kila yanapopungua si matengenezo. Mara nyingi ni kuficha uvujaji. Malori makubwa yenye breki za upepo hayana shida hii, lakini matangi yake ya upepo yafaa yatolewe maji kila siku, na lori lisiondoke kabla saa ya upepo haijafika kipimo chake.

Kanuni ya kushuka inajulikana kwa madereva wa zamani: mteremko hushukwa kwa gia ile ile ambayo ingetumika kuupanda. Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, kwa maana lori likishashika kasi gia nzito haikubali kuingia, na anayejaribu huenda akabaki bila gia yoyote. Injini ikilishika gari, breki zabaki kuwa msaada tu. Mwendo ukizidi, dereva akanyage kwa uthabiti hadi upungue, kisha aachie breki zipoe. Kuziegemea kidogo kidogo mlima mzima ndiko kunakozichoma. Aliyewahi kushuka Kitonga katika barabara ya Iringa, au Sekenke upande wa Singida, hahitaji kuambiwa mara mbili.

Kuna desturi moja ambayo kamati nyingi huivumilia kwa kudhani ni uangalifu wa fedha, nayo ni kushuka gia ikiwa huru ili kubana mafuta. Hesabu yake ni ya uongo. Injini ya dizeli iliyo ndani ya gia, mguu ukiwa umeondolewa, huzungushwa na magurudumu, na pampu hukata mafuta hadi mzunguko ukaribie ule wa kusimama. Gia ikiwa huru, injini sharti ijiendeshe yenyewe, na hutumia mafuta. Kuzima kabisa ni vibaya zaidi: msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani waweza kuwa mzito au kujifunga.

Matairi na rejeta yanajulikana zaidi, hivyo maneno machache yatosha. Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Lililopata moto safarini lisipunguzwe. Tairi la ndani katika magurudumu pacha ndilo husahauliwa, nalo likiwa legevu huchemka hata kuwaka. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto.

Katibu naye ana sehemu yake, ingawa hashiki usukani. Daftari la safari lenye kilomita na lita humwambia mengi. Kwa mfano, lori lililokwenda kilomita 300 kwa lita 60, likianza kutumia lita 75 katika njia ile ile na mzigo ule ule, yamkini breki zinagusa, au matairi hayana upepo, au mafuta yanakwenda kwingine. Yote matatu yanastahili kuulizwa. Lakini kamati inayouliza magunia mangapi yamefika, na kamwe haiulizi breki zina hali gani, imekwisha kumfundisha dereva lipi la kuharakishia. Dereva anayekataa kuongezewa magunia juu ya kipimo, au wanachama wanaotaka kupanda juu ya mzigo, asihesabiwe mkaidi. Katibu amtetee mbele ya mkutano.

Katika daftari hilo hilo ziachwe kurasa za matengenezo: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na saini ya fundi. Siku mafuta ya breki yalipobadilishwa iandikwe kwa wino mwekundu, ili dereva mpya aione kabla ya kuteremka kwa mara ya kwanza.