Sketi Ikipanda Upande Mmoja

Mdogo wangu wa Mlandizi, barua yako nimeisoma. Binti ana miaka 13, sketi ya shule inapanda upande wa kushoto hata ukiishona upya, unamkemea asimame wima, na shangazi yake anataka apelekwe kwa mkandaji akanyooshwe. Naomba yote mawili muyaache.

Uti wa mgongo umekaa juu ya fupanyonga kama nyumba juu ya msingi. Nyonga ikilalia upande mmoja, pingili nazo hupinda ili kichwa kibaki katikati. Mara nyingi chanzo cha nyonga kulalia hivyo ni mguu mmoja kuwa mfupi. Wakubwa wetu waliougua polio utotoni wanalijua hilo vizuri.

Jioni ingieni chumbani wawili tu, maana mwili wake ni siri yake. Avue viatu, asimame magoti yamenyooka. Kaa nyuma yake, weka viganja juu ya mifupa ya kiuno, kulia na kushoto. Je, viko sawa? Kama kimoja kiko chini, mwekee daftari chini ya mguu wa upande huo, kisha mwambie aketi kwenye kiti kigumu. Mgongo ukinyooka, shida huenda iko mguuni, na kisigino kilichoongezwa kimo kinaweza kutosha.

Sasa ainame mbele, mikono ining'inie. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, hiyo ni dalili ya pingili zilizopinda na kujizungusha zenyewe. Kwa wasichana wa umri huu chanzo mara nyingi hakijulikani, hata kwa madaktari. Begi la shule halikuleta hilo, wala malezi yako. Kumkanda hakutalinyoosha.

Daktari atapima kwa eksirei. Upinde unahesabiwa kuanzia nyuzi 10. Ukifika kama 25 na mtoto bado anakua, huvalishwa mkanda mgumu. Ukipita 45 au 50, hufikiriwa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili wanaufanya. Mkanda husaidia wakati mifupa inakua tu, ndiyo maana nakuharakisha. Akiwa na homa, maumivu ya usiku au ganzi miguuni, msingoje hata siku moja.

Mpeleke hospitali ya Tumbi wiki hii, mdogo wangu. Usisubiri likizo.