Watu Sita, Mikanda Mitano

*Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mume wangu ni muuguzi. Tuna watoto watatu na tunaishi na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua na kila baada ya wiki mbili anakwenda kliniki. Shule iko kilomita nne kutoka nyumbani, kliniki kilomita sita. Ukweni kwangu ni Moshi, tunakwenda wote mara mbili kwa mwaka. Tumepata hela ya gari, sehemu kubwa ni mkopo wangu wa Saccos. Mdogo wake mume wangu ni dalali wa magari Dar es Salaam. Ametupatia Mazda Atenza wagon ya dizeli ya 2013, namba E, kwa milioni 26. Anasema halili mafuta, na tutume milioni tano kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mteja mwingine. Nikiuliza maswali, mume wangu anasema namdharau mdogo wake. Silali. Nifanyeje? — Mama Watatu*

Mama Watatu, pole sana. Nianze na jibu kwa sababu Ijumaa iko karibu: hiyo milioni tano isitumwe. Sisemi shemeji yako ni mwongo, na katika barua yako sioni kitu cha kumtilia shaka hivyo. Nasema gari analowatafutia, hata likiwa zima kabisa, haliendani na maisha yenu.

Hesabu kwanza watu. Wewe, mumeo, watoto watatu na mama, jumla sita. Atenza wagon ina viti vitano na mikanda mitano. Maana yake kila mnapokwenda Moshi kuna mtoto atakayepakatwa, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, kilomita mia tano na ushee katikati ya mabasi na malori. Breki ya ghafla ikipigwa kwa mwendo wa kilomita 80, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia mtoto aliyekaa mapajani. Kwangu hilo peke yake linatosha kulikataa gari. Na mama mwenye magoti mabovu, kwenye gari lililokaa chini namna ile, atalazimika kujishusha ili aingie na kujinyanyua ili atoke, mara mbili kwa kila kliniki.

Sasa dizeli. Shemeji yako anaposema halili mafuta anasema kweli. Ni injini nzuri ya lita 2.2, yenye nguvu ya kuvuta kuliko magari mengi ya petroli ya ukubwa wake, na mtu wa safari ndefu angeifurahia. Ila dizeli ikiungua hutoa masizi, na magari ya siku hizi yamewekewa kwenye eksozi kichujio cha kuyanasa, mafundi wanakiita DPF. Kikijaa, hujisafisha chenyewe: kompyuta ya gari huagiza mafuta ya ziada yaingie kwenye silinda kwa kuchelewa, eksozi inapanda joto hadi nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua. Kazi hiyo inataka injini iliyokwisha kupata moto na mwendo wa mfululizo wa dakika kumi, wakati mwingine ishirini.

Wewe unakwenda kilomita nne. Unalizima gari usafishaji ukiwa nusu, au haujaanza kabisa. Kesho yake vivyo hivyo. Kila usafishaji unapokatizwa, sehemu ya yale mafuta ya ziada hutiririka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana kwenye magari haya unaweza kuchomoa dipstiki ukakuta oili imepanda wakati hujaongeza hata tone. Mazda wenyewe waliweka alama ya X juu ya alama ya kujaa, na oili ikikaribia hapo inapaswa kumwagwa mara moja. Oili iliyoingiwa na dizeli inakuwa nyepesi, na hiyo hiyo ndiyo inayolinda tabo, kifaa kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Tabo likifa, shemeji hatakuwepo kulipa.

Kuna na suala la mafuta yenyewe. Gari hili lilitengenezwa kwa dizeli ya Japan, ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango chao hadi sehemu 50 mwaka 2015, hatua kubwa kwa mapafu ya watoto wetu, lakini kiwango hicho kilikuwa bado mara tano ya kile cha kule. Ukiongeza na sheli inayouza dizeli iliyochanganywa, nozo za kuingiza mafuta kwenye silinda, zinazofanya kazi kwa shinikizo la karibu bar 2,000, hazina uvumilivu wa pampu ya lori la zamani.

Tuangalie na huo uokoaji. Kwa safari ulizonieleza, za mjini na za Moshi, nakadiria kilomita 5,000 hivi kwa mwaka. Tuseme dizeli itakula lita 6 kwa kilomita mia, na gari la petroli la familia lile lita 10. Tofauti ni lita 200 kwa mwaka. Hata lita moja ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 600,000. Kabla ya kuzifurahia, pigeni simu maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, muulize bei ya nozo nne za gari hilo, bei ya tabo, na bei ya DPF. Mumeo azisikie bei hizo kwa masikio yake mwenyewe. Zitamweleza kuliko mimi.

Nikija kwa mumeo, hapa ndipo naona mzigo wako halisi. Unanunua gari kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wako, halafu ukiuliza unaambiwa una dharau. Hapana. Kuuliza ni haki yako, na mumeo kama muuguzi anajua kwamba mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa, hata aliyemleta akiwa ndugu. Zungumza naye mkiwa wawili tu, watoto wamelala, na usianze na mdogo wake. Anza na mama na viti vitano. Mwambie, "Baba Watatu, gari hili litamwacha mmoja wetu nje. Tumwombe shemeji atutafutie la watu saba, tena la petroli." Kwa maneno hayo mdogo wake hajatukanwa, amepewa kazi, na udalali wake ataupata vilevile. Akikasirika kwa sababu mmebadilisha aina ya gari, basi hapo mtakuwa mmejifunza jambo kuhusu gari lile.

Magari ninayoyafikiria ni Toyota Isis na Toyota Wish, ambayo kwa kawaida ni ya watu saba, na Noah kama bajeti itaruhusu. Kwa mama yako ningeanza na Isis: milango ya nyuma inateleza, na upande wa kushoto hakuna nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo mtu anaingia akiwa karibu wima. Tafuteni ya 2009 kuja juu yenye injini ya lita 1.8. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, si vya watu wazima, na vikikunjuliwa nafasi ya mizigo inabaki ndogo; mikungu ya ndizi ya kutoka Moshi itabidi ije kwa basi. Msimalize hela zote kwenye kununua. Gari lililotumika lina madai yake ya mwezi wa kwanza: oili, filta, matairi, betri, bima.

Najua pia kwamba mnaweza kukaa, mkazungumza, na mumeo akashikilia Atenza. Ikifika hapo, angalau likaguliwe na fundi ambaye shemeji hamjui, na mlipe wenyewe. Mfike asubuhi bila kupiga simu ya kuwatahadharisha wauzaji, mguse boneti: injini iwe ya baridi, maana iliyopashwa moto mapema inaficha tabu ya kuwaka. Kabla haijawashwa, futa ndani ya mdomo wa eksozi kwa karatasi laini. Gari lenye DPF nzima halipaki karatasi masizi mazito. Ikitoka nyeusi tii, kichujio kimepasuka au kimekatwa, na vingi vimekatwa. Chomoeni dipstiki, muitazame ile X. Fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta, aangalie kama makosa yamefutwa karibuni, na kiasi ambacho kila nozo inarekebishwa. Asikilize na kuangalia penye nozo, maana washa zake za shaba zikivuja, masizi hushuka kwenye oili na kuziba chujio lake chini ya injini.

Na hiyo "namba E" isiwatie moyo kupita kiasi. Inaonyesha gari lilisajiliwa nchini karibuni, haisemi kitu kuhusu miaka liliyotembea kabla ya hapo. Ombeni cheti cha Japan cha kulitoa gari nje. Huwa kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule, mlinganishe na dashibodi. Namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ya TRA isomwe kwenye bodi ya gari lenyewe, jina la kwenye kadi liwe la mtu mtakayekaa naye mezani mkisaini mkataba, na mhakikishe hakuna faini za trafiki zinazolidai. Hela iingie kwenye akaunti ya mwenye gari, isipitie kwa shemeji. Hilo linamlinda hata yeye, siku gari likisumbua asije akalaumiwa katika kikao cha ukoo.

Huyo mteja mwingine wa Ijumaa, kama yupo kweli, mwacheni alichukue. Ukishazungumza na mumeo niandikie alivyosema, na mkipata Isis au Wish nitumie mwaka wake na aina ya injini kabla hamjatoa hata shilingi.